Madodoso 47 niliyoyaweka pembeni: masta ya lishe na vijiji vya Dodoma

Juzi mdogo wangu mmoja, nesi tuliyewahi kufanya naye kazi, kanipigia simu anataka kuanza masta ya lishe hapa Dodoma. Kaniuliza ada, kaniuliza vyumba vya kupanga vikoje, kaniuliza kama takwimu ni ngumu kweli kama watu wanavyosema. Hayo nikamjibu kwa dakika kumi hivi. Halafu nikajikuta nimeongea naye saa nzima juu ya bibi mmoja na juu ya madodoso 47, yani fomu za maswali ya utafiti, na alipokata simu nikasema hapana, hii ngoja niiandike, maana mimi wakati naanza hakuna aliyeniambia na ilinigharimu hela, muda, na mengine ambayo hayana bei.

Kabla ya chuo nilikuwa nesi wodi ya watoto miaka sita, hospitali siitaji, ila ni kanda hii hii ya kati. Tulikuwa na kona ya watoto wenye utapiamlo mkali, wale ambao mkono umebaki ngozi na mfupa, na wale waliovimba miguu na uso, nywele zimekuwa nyekundu na zinanyonyoka ukizigusa tu. Utaratibu ulibandikwa ukutani. Mtoto akifika anaanza na maziwa ya F-75, kidogo kidogo, kila baada ya masaa mawili au matatu, usiku na mchana, akishatulia na hamu ya kula ikarudi ndo anahamishiwa F-100 au chakula dawa. Hizo namba ni nguvu iliyomo, F-75 ina kilokalori 75 kwa kila mililita 100 na F-100 ina 100. Nilikuwa nayajua haya kama ninavyojua jina langu.

Usiku mmoja akaingia bibi na mjukuu wake, mtoto wa mwaka na nusu ana kilo sita kasoro. Tukampima, tukampasha joto, tukampa sukari, dawa zikaanza, nikachukua kikombe nikampimia mililita 65 za F-75. Bibi akakiangalia kile kikombe, akaniangalia mimi, akasema mwanangu, mtoto ana njaa ya miezi na nyie mnampa maji ya maziwa? Mpeni uji ashibe. Nikamwambia bibi samahani, ndo utaratibu. Akaniuliza kwa upole kabisa, utaratibu wa nani?

Sikuwa na jibu. Yani nilijua cha kufanya ila kwa nini kinafanyika hivyo sikuwa nakijua kwa kiasi cha kumweleza mtu akaelewa. Nikamwambia asubiri daktari asubuhi atamweleza. Na yule bibi kwa huruma yake, usiku wa manane wakati nahudumia kitanda kingine, akatoa uji mzito wa mahindi na sukari kwenye chupa aliyokuja nayo akamlisha mtoto mpaka akashiba. Asubuhi mtoto alikuwa anahema kwa shida, ini limeshuka, mapigo yanakimbia. Saa tano hakuwepo.

Sisemi uji ndo ulimuua. Mtoto wa namna ile anaweza kuwa na maambukizi yasiyoonyesha homa, anaweza kushuka sukari, anaweza kupoa usiku ukashtukia ameshakwenda, na mara nyingi vinakuja vyote kwa pamoja. Ila lile swali lilibaki na mimi, na ndo hilo lililonipeleka chuo nikiwa na miaka 33 na mtoto wa miaka minne nyumbani, ada najilipia mwenyewe kwa kuweka akiba na kwa kiwanja tulichokiuza.

Jibu nililipata muhula wa kwanza kwenye kipindi cha biokemia, siku ya kawaida tu, upepo wa Dodoma unapiga madirisha. Mwalimu akaanza kueleza mwili uliokaa na njaa muda mrefu unavyojipunguza ili uishi. Moyo unakuwa mdogo na dhaifu, figo na ini vinafanya kazi taratibu, utumbo unakuwa mwembamba, zile pampu za kwenye seli zinazotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani zinapunguza mwendo, kwa hiyo sodiamu inajaa ndani na potasiamu inapotea. Sasa mwili wa hivyo ukiuletea wanga mwingi kwa mkupuo, insulini inapanda ghafla, inasukuma fosfeti na potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu kuingia kwenye seli, damu inabaki haina, na moyo ambao ulishachoka unashindwa. Akasema madaktari waliliona hili wazi baada ya vita ya pili ya dunia, kwa wafungwa waliotoka makambini wakiwa mifupa mitupu, wakalishwa vizuri na baadhi yao wakafa kwa kule kulishwa. Na ndo maana pia madini ya chuma hayatolewi siku za mwanzo hata kama damu iko chini, yanawapa nguvu vijidudu wakati mwili hauna ulinzi.

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi nje mpaka kipindi kilichofuata kikapita. Bibi aliuliza swali la maana kuliko yote niliyoulizwa kazini na jibu lake lipo, linaelezeka, nami sikuwa nalo.

Muhula wa kozi wenyewe siuelezi sana. Epidemiolojia niliipenda, biostatistiki ilinitoa jasho, nilikaa na vijana wa miaka 25 wananifundisha Stata, ile programu ya takwimu, usiku nami nawafundisha namna wodi inavyoenda, tukasaidiana hivyo na nikavuka bila sapu, yani bila kurudia mtihani. Kama unaogopa hesabu usiogope, unachohitaji ni mtu wa kukaa naye na kutoona aibu kuuliza mara ya nne. Nilichokiona kigumu ni pale unapoambiwa sasa lete proposo, yani andiko la utafiti unaotaka kufanya.

Kichwa changu cha kwanza kilikuwa lishe ya watoto Kanda ya Kati. Msimamizi wangu, mzee mtaratibu sana, akakisoma akanirudishia karatasi, akasema mama hii ni kazi ya watu mia na mabilioni, wewe una miezi nane na bodaboda. Tukakata, tukakata tena, ikabaki aina za vyakula wanavyokula watoto wa miezi 6 mpaka 23 na udumavu wao, yani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake, wilaya moja tu, Bahi. Idadi ya watoto nikaitafuta kwa ile fomula ya kawaida ya utafiti wa aina hii. Utafiti wa taifa wa lishe wa 2018 ulikuwa umeonyesha udumavu asilimia 31.8 kwa watoto chini ya miaka mitano, ukiweka hiyo na kosa la asilimia 5 unapata watoto 334, ukiongeza asilimia 10 ya watakaokosekana unapata 368. Kwa wanaoanza sasa hivi, ule utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 umetoka na asilimia 30, kwa hiyo tumieni huo.

Vibali sasa. Kibali cha maadili ya utafiti, halafu barua ya chuo, inaenda kwa katibu tawala wa mkoa, inashuka wilayani, halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji. Ofisi moja barua yangu ilikaa wiki saba mezani na kila nikienda naambiwa mhusika yuko safari. Nililia, kweli nililia pale nje. Ila nakuomba usije ukaruka hatua hata moja. Mwezi wa kumi 2016 watafiti wa udongo na dereva wao waliuawa kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, hapa hapa Dodoma, watu walidhani ni wanyonya damu. Walikuwa kazini kama mimi na wewe. Ukifika kijijini na gari ngeni, begi la vifaa, na unataka kugusa watoto wa watu, ile barua na yule mwenyekiti anayekutambulisha mbele ya mkutano ndo usalama wako na ndo heshima unayowapa wenye watoto wao. Mimi nilikuwa nimepanga kutoboa vidole kupima damu, tukalijadili na wazee wa kijiji, nikaona wasiwasi kwenye nyuso zao, nikaiacha hiyo sehemu. Sijutii.

Zile wiki saba zilinisogeza mpaka Januari 2022. Hili nilikuwa silitilii maanani na lina uzito mkubwa. Dodoma mvua ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, na kwa mwaka ni kama milimita 550 mpaka 600 tu. Januari mpaka Machi ndo kipindi kigumu, ghala limeisha, mazao mapya bado, na akina mama wanaondoka alfajiri kwenda kulima. Ukiuliza mtoto kala nini mwezi wa pili unapata jibu moja, ukiuliza mwezi wa sita uwele na mtama vimevunwa karanga zimejaa unapata jibu lingine, mtoto ni yule yule. Pia unafika nyumba kumi unakuta watoto na mabibi tu. Nikabadili ratiba, tukawa tunaanza saa tisa alasiri mpaka giza.

Bas, tukaanza. Mimi na wasaidizi wawili, mmoja binti wa kule kule anayeongea Kigogo. Mbukwenyi, mbukwenyi, ndo salamu yao, tunakaribishwa kwenye kigoda, tunafungua dodoso. Swali lilikuwa limeandikwa hivi: jana mchana na usiku mtoto alikula chakula gani? Na majibu yakawa yanakuja haraka, ugali, mlenda, uji, ananyonya. Ugali wa uwele, mlenda. Uji. Siku tatu nikawa na madodoso 47, na usiku nikiyaingiza kwenye laptopu naona watoto wengi wana makundi matatu tu ya vyakula, maziwa ya mama, nafaka, na mboga. Kipimo cha WHO na UNICEF kina makundi manane na mtoto anatakiwa apate angalau matano kwa siku. Kusema ukweli nilifurahi. Data ilikuwa inasema kile kile nilichokiandika kwenye proposo, nikaona kazi inaenda vizuri.

Siku ya nne jioni mvua ikatukamata kwenye nyumba ya mama mmoja wa watoto wanne ambaye nilikuwa nimeshamhoji juzi yake. Akatuingiza jikoni. Tukakaa pale kama masaa mawili, moshi, mvua inapiga bati, na kwa kuwa sikuwa na dodoso mkononi nikawa naangalia tu. Mtoto wake wa miezi 17 alikuwa mgongoni kwa dada yake wa kama miaka minane. Yule dada kamega ubuyu, kamwekea mdogo wake mdomoni, mtoto anaumung'unya. Mama akatoa unga wa mlenda, ule unaochumwa wakati wa mvua ukaanikwa ukatwangwa, akauweka kwenye maji yaliyochemka na magadi, akakoroga kwa upekecho, halafu akachota kiganja kimoja cha karanga zilizosagwa akamimina ndani, na akatoa kifuko cha dagaa waliotwangwa akanyunyiza. Wakati ugali unapikwa kaka mtu akaleta kibuyu cha maziwa mgando kutoka kwa babu yao nyumba ya pili, mtoto akapewa kikombe kidogo.

Nikahesabu kichwani. Maziwa ya mama, nafaka, karanga, maziwa, dagaa, na mboga na ubuyu juu yake. Kwenye dodoso langu mtoto yule alikuwa na matatu.

Nikamuuliza, mama, juzi mbona hukuniambia ubuyu? Akashangaa kweli kweli. Akasema dada, wewe uliniuliza chakula, ubuyu si chakula, ubuyu wanalamba watoto. Na karanga je? Karanga ni za kwenye mlenda, nimeshakuambia mlenda. Na maziwa? Yale kapewa na babu yake, mimi sijampa. Kila jibu lake lilikuwa sahihi. Kwa lugha ya nyumba ile chakula ni ugali, kilichobaki ni mboga au ni kitu cha kuchangamsha mdomo, na mama anajibu kwa kile alichokipika na kukigawa kwa mkono wake. Miezi minne niliandaa lile dodoso kwenye meza ya chuo, nikalitafsiri kutoka Kiingereza, nikalijaribu kwa akina mama 10 wa mjini ambao chakula kwao kinamaanisha kile kile ninachomaanisha mimi.

Nikarudi nyuma nikawaza na yale mengine. Kuna kitongoji mwenyekiti alikuwa anasimama na sisi mwanzo mpaka mwisho wa kila mahojiano, kwa nia njema kabisa, na pale kila mama alisema mtoto kala nyama au yai. Kwingine ambako walidhani tunaandikisha watu wa msaada kila mama alisema hamna kitu. Mama gani atakaa mbele ya kiongozi wake aseme jana sikuwa na cha kumpa mwanangu?

Usiku ule nikampigia msimamizi nikamweleza yote, nikitegemea aseme endelea, muda umeisha. Akanyamaza kidogo akasema, hayo 47 yaweke pembeni, usiyachanganye na mengine, na usiyachome, yatakufundisha. Anza upya. Nikamwambia profesa hela imeisha. Akasema najua. Kesho yake nikampigia mume wangu, tukauza mbuzi wanne tuliowaacha kwa mama yake Singida.

Tulivyolitengeneza upya ni hivi, na hii sehemu kama unafanya utafiti wa chakula ichukue yote. Tuliacha kuuliza chakula. Tuliitembea siku ya mtoto na mama kuanzia kuamka. Alipoamka jana, kabla hujawasha moto, aliweka nini mdomoni? Ulipoenda kuchota maji alibaki na nani? Ulienda naye shambani au alibaki? Uliporudi ulimkuta anatafuna nini? Na pale anaposema alibaki na dada yake, tunamwita yule dada, tunaomba ruhusa kwa mama, tunamuuliza na yeye. Asee watoto wa miaka minane wanajua mlo wa wadogo zao kuliko mtu yeyote kwenye ile nyumba, anakwambia kala matunda matatu ya furu, kanyang'anya muwa, kanywa chai ya babu. Baada ya hapo tunarudi kwenye kila mboga, ndani yake uliweka nini, ulianza na kipi. Mwenyekiti tulimwomba atutambulishe halafu atusubiri chini ya mti, na akaelewa vizuri tu, alikuwa anadhani ndo tunavyotaka.

Ikabaki kesi ya karanga. Mwongozo unasema kiungo kidogo cha kuongeza ladha hakihesabiwi kama kundi. Sasa kiganja kimoja cha karanga kwenye sufuria ya watu saba ni kiungo au ni chakula? Hili halijibiwi ukiwa umekaa. Nilinunua mzani mdogo wa jikoni soko la Majengo, nikawa naomba ruhusa nyumba moja kwa siku, napima karanga kabla hazijaingia, napima sufuria, halafu napima tonge la mtoto. Tonge la ugali la mtoto wa mwaka mmoja na nusu lilikuwa linakuja gramu 15 mpaka 20, analichovya, linatoka na mlenda kiasi cha kijiko cha chai hivi. Kuna nyumba karanga zilikuwa nyingi kweli mpaka mlenda unakuwa mzito na mweupe, kuna nyumba ni harufu tu. Tukaweka kiwango chetu, tukakiandika wazi kwenye dizateshni na kwa nini tumekiweka, na siku ya kutetea mtahini mmoja alinibana hapo hapo dakika ishirini. Nilikuwa na kila gramu kwenye daftari.

Na umri. Jamani umri! Mvulana mwenye urefu wa sentimita 70.5 akiwa na miezi 11 hajadumaa, anahesabiwa amedumaa akiwa chini ya 69.9. Mvulana huyo huyo ukimwandika miezi 12 amedumaa, kwa sababu hapo kikomo ni 71.0. Mwezi mmoja tu. Kadi ya kliniki ikiwepo shukuru, ila nyingine zimeliwa na mchwa, nyingine zimelowa wino umefutika. Tukatengeneza kalenda ya matukio ya kijiji, alizaliwa kabla au baada ya msiba wa Rais Magufuli, yani Machi 2021, kabla au baada ya kuvuna uwele, mwezi wa Ramadhani au wa Krismasi, na akina mama walikuwa wanasaidiana wenyewe, huyu kazaliwa wiki moja na wa kwangu, andika hivyo. Urefu chini ya miaka miwili unapimwa mtoto amelala kwenye ubao, visigino vimeshikwa, shanga na mafundo ya nywele yameondolewa, mara mbili, na mkipishana zaidi ya nusu sentimita mnarudia. Mtoto analia, mama naye anaanza kulia. Pale nilijifunza kumpa mama mwenyewe ashike kichwa na aendelee kuongea na mwanae, kazi inaisha kwa nusu ya muda.

Mwishoni watoto wenye makundi matano na zaidi walikuwa wachache, hilo halikubadilika, ila walikuwa mara kadhaa ya wale ambao madodoso ya kwanza yalinionyesha. Ushauri nao ukabadilika wote. Kwa yale 47 ningeandika mapendekezo ya kawaida, akina mama waelimishwe juu ya mlo kamili. Kwa data ya pili nikaandika kwamba karanga, ubuyu, maziwa na dagaa tayari vipo kwenye nyumba nyingi, kinachokosekana ni kiasi kinachomfikia mtoto mdogo kwenye sinia la watu wengi na kukosekana miezi ya Januari mpaka Machi. Ubuyu una vitamini C, na mtoto anayekula uwele na mtama ambao una vitu vinavyofunga madini ya chuma yasinyonywe, ile vitamini C akiipata pamoja na mlo inasaidia chuma kuingia mwilini. Akina mama wenyewe ndo walisema wanaweza kuukoroga kwenye uji baada ya kuuepua. Sikuwafundisha mimi hilo. Karanga na mahindi yenye ukungu tulizungumza sana, mwaka ule ule wa 2016 watu walikufa kwa sumukuvu mkoa huu na Manyara, na wazee wanaikumbuka.

Tulipata watoto wanne ambao utepe wa mkono ulisoma chini ya sentimita 11.5, yani utapiamlo mkali. Hao huondoki ukawaacha ati wewe ni mtafiti. Wa tatu alikuwa analelewa na bibi yake, mkono 11.2, miguu imeanza kuvimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Nikampeleka mwenyewe na bodaboda, bibi mbele yangu amempakata mtoto, mpaka kituo cha afya na kutoka hapo hospitali. Jioni nesi akaja na kikombe kidogo cha F-75. Nikamwona bibi anakiangalia kile kikombe.

Nikakaa chini karibu naye kabla hajauliza. Nikamwambia bibi, shikamoo tena, nataka nikueleze kwa nini ni kidogo. Nikamwambia moyo wa huyu mtoto sasa hivi ni kama kaa moja lililobaki kwenye majivu, lipo, lina moto, ila ukilirundikia gogo unalizima. Tunaanza na majani makavu kidogo kidogo, likishika ndo tunaweka kuni. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, hilo najua mwanangu.

Akaniambia mama yake alikuwa mtoto wakati wa Mtunya, ile njaa kubwa ya Ugogo ya miaka ya vita ya kwanza, na aliwahadithia kwamba aliyefika kaya ya watu akiwa amekonda hawezi kusimama hakupewa ugali. Alipewa maziwa yaliyosukwa yakatolewa siagi, yamechanganywa na maji na unga kidogo sana, kwa kata ndogo, akilala anaamshwa anapewa tena, siku kadhaa, na aliyekuwa na huruma akampa ugali siku ya kwanza alimzika.

Maziwa yaliyotolewa siagi, kidogo, mara nyingi, usiku na mchana. Nilikuwa nimesimama miaka sita mbele ya mabibi kama huyu. Nikamuuliza, bibi, na chumvi waliweka? Akafikiri. Akasema hapana, chumvi ilikatazwa mpaka uvimbe ushuke. Nikatoa daftari kwenye begi, nikamwomba aanze tena mwanzo, polepole.